Kivinjari Kinachojua Kukataa

Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likitangaza matokeo ya Kidato cha Nne, Kituntu hushikwa na homa ileile inayoshika kata zote za Karagwe: kila mwenye bando anakimbilia ukurasa mmoja. Ukurasa wenyewe hauna uzito wowote. Ni jedwali tupu lenye namba ya mtahiniwa, jinsi, pointi, daraja, kisha masomo na alama zake. Kinachochelewesha mambo ni seva iliyozidiwa na, kwenye kompyuta ya zamani, kivinjari kinachoamka kwa kujikongoja kikiwa kimebeba kila kitu isipokuwa kile ulichokifuata. Kwa kompyuta ya namna hiyo, mimi ni mtu wa kivinjari kiitwacho Dillo.

Dillo ilianzishwa mwishoni mwa 1999 na Jorge Arellano Cid, fundi kutoka Chile, aliyetaka mwenye mashine kuukuu na intaneti ya kobe naye apate habari kama wengine. Vivinjari vingi vya leo, pamoja na majina yao tofauti, vinaendeshwa na injini zilezile chache za makampuni makubwa. Dillo ina injini yake yenyewe, iliyoandikwa kwa C na C++, na madirisha yake huchorwa na maktaba ndogo iitwayo FLTK. JavaScript haiendeshi kabisa. Vidakuzi inavikataa vyote mpaka wewe, kwa mkono wako, uandike kwenye faili la maandishi kwamba tovuti fulani umeiruhusu. Mkulima wa kahawa hatashangaa: mbuni usiopogolewa hujaa majani, buni za kuhesabu.

Pembeni chini, upande wa kulia, kuna kidude ninachokipenda kuliko vyote. Kinahesabu makosa ya HTML yaliyomo kwenye ukurasa uliofungua. Ukikibofya, kinakutajia kila kosa na mstari lilipo. Vivinjari vikubwa humeza makosa hayo kimyakimya na kukuonyesha sura nzuri. Kijana anayejenga tovuti yake ya kwanza atajifunza zaidi kwa kidude hiki kuliko kwa video nyingi anazochomea bando.

Lakini ufundi wenyewe hasa umo katika namna Dillo inavyoongezwa uwezo. Alamisho, upakuaji, usomaji wa mafaili ya kwenye diski, hata utunzaji wa vidakuzi, vyote hivyo haviko ndani ya kivinjari. Ni programu ndogo zinazojitegemea, na msimamizi mmoja, dpid, huziamsha pale zinapohitajika. Moja ikifa, dirisha lako linabaki wazi. Mazungumzo kati yao na kivinjari ni lebo fupi za maandishi. Kwa hiyo programu-jalizi unaweza kuiandika kwa lugha yoyote, hata skripti ya sheli ya mistari michache: inasoma ombi, inatoa lebo ya kuanza, inataja kwamba kinachofuata ni HTML, inaacha mstari mtupu, halafu inamwaga ukurasa. Unaiweka kwenye folda yake ndani ya .dillo/dpi, unaipa jina linaloishia na .filter.dpi, unairuhusu iendeshwe, kisha unaandika dpidc stop ili msimamizi aanze upya na kuiona. Basi.

Chukua yale matokeo ya Kidato cha Nne. Mtu mmoja mwenye mtandao mzuri pale Kayanga anaweza kuhifadhi kurasa za shule za jirani kwa miaka kadhaa na kuzileta Kituntu kwenye flashi. Skripti ndogo inazipanga kwa shule na mwaka, na mwalimu anaandika dpi:/matokeo/ kwenye sehemu ya anwani. Zinafunguka bila hata senti ya bando.

Opera Mini, iliyotoka Norway mwaka 2005, iliwazoesha wengi wetu wepesi kwenye simu za vitufe. Wepesi wake, hata hivyo, unatengenezwa kwenye seva za kampuni, ambako huwezi kuingia na bisibisi yako. Dillo iko wazi chini ya leseni ya GPL, na uwazi huo ndio uliokuja kuiokoa. Baada ya toleo la 3.0.5 la mwaka 2015 kazi ilififia, na mwaka 2022 hata anwani yake ya dillo.org ikapotea. Rodrigo Arias Mallo akauchukua msimbo, akaufufua, na toleo la 3.1.0 likatoka Mei 2024. Mradi mkubwa usingefufuliwa kirahisi hivyo.

Haitakufaa kwa WhatsApp ya kwenye kompyuta, wala kwa benki, wala kwa mifumo mingi ya maombi inayodai JavaScript. Kwa hayo weka kivinjari kingine pembeni. Sioni aibu yoyote hapo. Kwa kusoma, inatosha na kubaki. Mwenye kompyuta yenye Debian aandike sudo apt install dillo, na anayetaka kuiongezea kitu aanze kwa kusoma hello, programu-jalizi ya mfano iliyomo ndani ya msimbo wenyewe.