Bunduki Moja kwa Nyika Nzima: Jinsi .375 Ilivyoshinda

Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 kwa safari yake ya uwindaji, alikuwa na bunduki kuu tatu. Springfield ya .30-06 ilikuwa ya swala na wanyama wa kati. Winchester ya .405 aliipendelea kwa simba. Kwa tembo, kifaru na nyati alikuwa na Holland & Holland ya mitutu miwili, .500/450. Kila moja ilikuwa na risasi zake, na wabebaji ndio waliozichukua. Huo ulikuwa ndio utaratibu wa wenye fedha: kila mnyama na bunduki yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1912, kampuni hiyohiyo ya Holland & Holland ya London ilitoa risasi ya .375 Magnum. Tangu hapo, yeyote anayeuliza ni kaliba gani moja inayofaa kwa kitoweo na kwa kujikinga na wanyama wakali wa Afrika Mashariki, lazima aipitie hiyo kwanza. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni kwamba .375 haikushinda kwa kuwa na nguvu kuliko nyingine. Zenye nguvu zaidi zilikuwapo kabla yake. Ilishinda kwa sababu uteuzi wake ulifuata mpangilio sahihi: kupima kwanza kazi mbaya kuliko zote, kisha kutafuta risasi ndogo kabisa inayoiweza, kisha kuuliza kama bega la mtu wa kawaida linaihimili.

Kazi mbaya kwanza

Swala wa kilo 50 hawezi kukusaidia kuchagua. Karibu kila bunduki ya kuwindia itamuua akipigwa mahali pake. Anayeamua ni nyati. Dume lake hufika kilo 700 na zaidi, mbavu zake ni pana na zimekaribiana sana, na mara nyingi hutoa nafasi ya kupigwa kwa pembeni au kwa mbele tu, ambako risasi lazima ipite bega au kifua kabla ya kufika kwenye moyo na mapafu. Juu ya nyati kuna tembo, ambaye ubongo wake umekaa nyuma ya mfupa mnene wenye vishimo vingi. Risasi inayofunguka mapema huishia humo.

Kwa wanyama hawa sifa ya kwanza ni kupenya. Kupenya kunataka risasi nzito kwa kipenyo chake, iliyoundwa kwa uimara, na inayokwenda kwa kasi ya kiasi. Ndiyo maana wawindaji hubeba aina mbili: ya ncha laini, inayofunguka ndani ya mwili, na ngumu isiyofunguka, ya kuvunja mfupa na kufika ndani.

Kuna jambo la pili, nalo ndilo linalounganisha uwindaji na ulinzi. Nyati hukimbia takriban kilomita 50 kwa saa, yaani kama mita 14 kila sekunde. Akitoka kichakani mita 20 mbele yako, atakufikia kabla ya sekunde ya pili kuisha. Muda huo hautoshi kurudisha bunduki ya swala kwa mbebaji na kupokea ya nyati. Bunduki inayokulinda ni ile iliyo mkononi wakati ule, hata kama ulikuwa ukimfuata kongoni. Utaratibu wa bunduki tatu ulidhani kwamba mwindaji ndiye anayeamua atakutana na nani. Porini wanyama nao wanaamua.

Walioshuka na waliopanda

Wapo walioamini kwamba kaliba ndogo inatosha. Mskochi W. D. M. Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa .275 Rigby, jina la Kiingereza la 7×57 ya Mauser. Risasi yake ndefu na ngumu ilikuwa na gramu 11.2 tu. Mafanikio yake hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba ukubwa si kitu. Lakini Bell alilijua fuvu la tembo kwa undani, alisogea karibu sana, na alichagua pembe na wakati wa kufyatua. Alifanya hivyo kama kazi ya kila siku, miaka nenda miaka rudi, dhidi ya tembo waliokuwa bado hawajaizoea bunduki. Mkulima au askari wa wanyamapori aliyeitwa usiku kwa sababu tembo wako shambani hana uchaguzi huo.

Tsavo, nchini Kenya, inatoa mfano wa upande wa pili. Huko, mhandisi J. H. Patterson aliwaua simba wawili wala watu mwezi Desemba 1898 akitegemea zaidi bunduki ya .303. Kazi iliisha, lakini simba wa pili alipigwa risasi kadhaa kabla ya kulala. Risasi inayotosha kuua si lazima itoshe kusimamisha, na kwa anayejikinga tofauti hiyo ni uhai.

Walioona hivyo walipanda juu, kwenye bunduki za mitutu miwili kama .470 Nitro Express. Risasi yake ina gramu 32.4, kasi ya mita 655 kwa sekunde na nguvu inayokaribia jouli 7,000. Kwa mita 15 mbele ya tembo aliyekasirika, sijui chombo bora zaidi. Lakini ina risasi mbili tu, ina uzito wa takriban kilo tano, bei yake ni ya matajiri, na kumpiga pofu aliye mita 200 kwa bunduki hiyo ni kubahatisha.

Ganda lililobuniwa kwa ajili ya joto

Ubora wa .375 unaanzia kwenye ganda. Bunduki ya bolti yenye magazini hailishi vizuri risasi zenye ukingo mpana kitakoni, kwa kuwa ukingo wa moja hukwama kwenye mwenzake. Ganda lisilo na ukingo hupita kwa urahisi, ila kwa kawaida hujizuia ndani ya chemba kwa mabega yake, na hivyo mabega yanapaswa kuwa makali. Holland & Holland walitaka kinyume cha hapo: ganda refu, lililochongoka taratibu, lenye mabega yaliyolala. Baruti ya wakati ule, kordaiti, ilipandisha sana msukumo wake kwenye joto la tropiki, na ganda lililonyooka lingeweza kung'ang'ania chemba baada ya mlio. Lililochongoka huachia mara bolti inapoinuliwa, na lijalo huingia bila kugoma.

Lakini mabega yaliyolala hayazuii vizuri. Suluhisho lilikuwa mkanda mnene wa metali ileile ya ganda, uliozunguka karibu na kitako. Mkanda ndio unaolisimamisha ganda mahali pake. Kampuni ilikuwa imeujaribu tangu 1905 katika risasi yake ya .400/375, na mwaka 1912 ikautumia kwa ukamilifu. Kwa wenye mitutu miwili ilitoa toleo jingine lenye ukingo. Kwa mtu anayejikinga, hii si habari ya mafundi peke yao. Risasi ya pili isiyoingia ni sawa na kutokuwa nayo.

Hesabu zenyewe

Risasi ya .375 yenye gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde, na nguvu yake hupita kidogo jouli 5,700. Ile ya gramu 17.5 hufika karibu mita 820 kwa sekunde. Linganisha na .30-06, bunduki ya swala inayosifiwa kote: risasi yake ya gramu 11.7 ina kasi hiyohiyo ya karibu mita 820. Kwa kuwa kasi ni moja, njia ya angani nayo inakaribiana. Ukirekebisha shabaha kwa mita 200, risasi ya .375 ya gramu 17.5 itashuka takriban sentimita 25 hadi 30 kwa mita 300, na ya .30-06 haipishani nayo sana. Hapo ndipo bunduki ya kongoni na ya nyati zilipokutana katika mtutu mmoja.

Nyama nayo ina hesabu yake. Watu hudhani risasi kubwa itamharibu swala. Kinachoharibu nyama zaidi ni risasi nyepesi yenye kasi kubwa inayopasuka karibu na ngozi. Risasi nzito ya .375, kwa kasi yake ya wastani, mara nyingi hupita moja kwa moja na kuacha sehemu kubwa ya nyama ikiwa salama.

John Taylor, mzaliwa wa Dublin aliyewinda kwa miaka mingi Msumbiji, alitoa kitabu mwaka 1948 kilichokuwa na kanuni yake ya kupima pigo la risasi: zidisha uzito kwa greni, kasi kwa futi kwa sekunde na kipenyo kwa inchi, kisha gawa kwa 7,000. Kwa kanuni hiyo .30-06 yenye risasi nzito hupata karibu 23, .375 hupata 40, na .470 hupata 73. Naiheshimu kanuni hii kwa jambo moja: inakataa kuiabudu kasi. Lakini haijui risasi imetua wapi, na mahali ilipotua ndiko kunakoamua mengi zaidi.

Ndiyo maana namba ya muhimu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya bega. Msukumo wa .375 ni takriban mara mbili ya .30-06. Ni mkali, lakini mtu wa kawaida akifundishwa hujifunza kuustahimili bila kufumba macho anapofyatua. Wa .458 Winchester Magnum, iliyotoka 1956, ni takriban mara tatu ya .30-06, na huko wengi huanza kuiogopa bunduki yao wenyewe. Anayeiogopa bunduki huivuta kabla ya kulenga.

Mshindani wa Kijerumani

Haki haitatendeka bila kuitaja 9.3×62, aliyoibuni Otto Bock wa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya walowezi na wawindaji wa makoloni ya Afrika, ya Kijerumani yakiwemo. Risasi yake ya gramu 18.5 hutembea kwa takriban mita 720 kwa sekunde. Iko nyuma kidogo ya .375, na nyati hatautambua upungufu huo. Tena ina fadhila ambayo .375 haina: inaingia katika Mauser 98 ya kawaida. Risasi kamili ya .375 ina urefu wa milimita 91.4 na inadai bunduki yenye bolti ndefu, ambayo ni ghali zaidi.

Kilichoibana 9.3 ni sheria kuliko fizikia. Tanzania, kama nchi nyingine kadhaa za Afrika, inaweka .375 kuwa kiwango cha chini kwa wanyama hatari kama tembo na nyati. Risasi ya 9.3 ina kipenyo cha inchi .366, hivyo inabaki nje kwa karibu robo ya milimita. Sheria inayopima kipenyo peke yake ni rahisi kuisimamia, lakini haiangalii uzito wala muundo wa risasi. Hata hivyo anayechagua bunduki moja lazima aanze na sheria ya mahali alipo. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na huko suala hili limebaki mikononi mwa vyombo vya serikali.

Risasi inayopatikana

Kaliba bora isiyo na risasi dukani ni fimbo. Kiwanda cha Kynoch cha Uingereza, kilichozilisha bunduki kubwa za Waingereza, kilikuwa kimeacha kutengeneza risasi hizo ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wenye .470 na .416 Rigby wakajikuta wakihesabu akiba. Mwenye .375 hakuguswa, kwa kuwa Wamarekani walikuwa wakiitengeneza tangu miaka ya 1920, na Winchester iliiweka katika Model 70 mwishoni mwa miaka ya 1930. Viwanda vya nchi nyingi vilifuata. Hata .458 yenyewe ilizaliwa kwa kulifupisha ganda la .375.

Mipaka yake

Ulinzi ninaouzungumzia ni wa watu, mazao na mifugo dhidi ya wanyama. Askari anayekabiliana na majangili wenye silaha anafanya kazi nyingine, na bolti si chombo chake. Pia, tembo anayekuja kwa kasi .375 haimsimamishi kwa uzito wake, isipofika kwenye ubongo. Kwa sababu hiyo wawindaji bingwa wengi, ambao kazi yao ni kumkinga mgeni mambo yanapoharibika, hubeba .416, .458 au .470, na mgeni wao akabeba .375. Mpangilio huo ni sahihi. Mtaka yote hukosa yote, na .375 ilifanikiwa kwa kukubali kuwa ya pili katika kazi mbili: ni nzito kupita kiasi kwa swala na nyepesi kidogo kwa tembo mwenye hasira.

Kwa hiyo, anayepaswa kuwa na kaliba moja mahali penye nyati na simba, halali na kwa kibali, ushauri wangu ni .375, ikiwa na risasi za ncha laini na ngumu ambazo amezijaribu kwenye bunduki yake mwenyewe. Pasipo na wanyama wakubwa, .30-06 au mwenzake inatosha na bega litashukuru. Na kama amejaribu .375 mara nyingi uwanjani na bado anafumba macho, ashuke kaliba, kisha kazi ya nyati amwachie mwenye bega la kuiweza.