Ukuta wa Kariba na Watu wa Gwembe

Ukuta wa Kariba, uliokamilika mwaka 1959, husifiwa kwa kimo chake cha mita 128 na kwa umeme wake. Sifa hizo ni za haki, lakini si habari yote. Atakaye iliyobaki na asome kitabu cha Bibi Elizabeth Colson, The Social Consequences of Resettlement, kilichopigwa chapa mwaka 1971. Chaeleza mambo ya Watonga wa bonde la Gwembe, waliohamishwa ili mto Zambezi uzibwe.

Uzuri wake wa kwanza ni huu: mwandishi aliwajua watu kabla hawajahama. Yeye na mwenzake Thayer Scudder walifika Gwembe mwaka 1956, wakachunguza jinsi watu walivyolima na walivyoishi. Waliporudi baada ya kuhama, waliweza kulinganisha. Asiyeijua nyumba ya kale hawezi kupima hasara ya kuibomoa.

Uzuri wa pili ni kutuonyesha hasara isiyohesabika kwa fedha. Mashamba ya ukingoni, yaliyorutubishwa na mafuriko ya kila mwaka, yalikuwa urithi wa jamaa. Nayo makaburi ya wazee hayachukuliki kwa gari. Basi si ajabu kwamba mwaka 1958, katika nchi ya Chifu Chipepo, watu walikataa kuondoka. Polisi walipiga risasi, wakafa watu wanane.

Walakini twaona upungufu. Waliohamishwa walipata 57,000, nao walikaa kingo zote mbili. Kitabu chazungumza hasa juu ya ukingo wa kaskazini, ulio Zambia. Wa kusini, walio Zimbabwe leo, twawasikia kwa mbali tu. Tena Kiingereza chake ni cha wataalamu, hata mwanakijiji aliyehamishwa hawezi kukisoma kwa urahisi.

Hata hivyo twakisifu. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umeme ulizaliwa Gwembe, ukaenda kwenye migodi ya shaba na miji mikubwa, na vijiji vya wenyeji vikabaki gizani miaka mingi. Leo mabwawa mapya yajengwa katika Afrika, na twayahitaji. Lakini yapasa mwenye kupima mto apime pia maisha ya watu wa ukingoni, tena kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa. Maji yakiisha kupanda, hakuna tena cha kupima.