Anayeyafuata Maji

Tone linapodondokea si pale bati lilipotoboka. Mwenye nyumba wa Mbagala au Manzese hukinga ndoo chini ya doa la dari na kumwonyesha fundi kwa kidole: ni hapo. Fundi mzoefu hulitazama doa kwa adabu tu, kisha huomba ngazi na kupenya darini saa sita mchana, jua likiwa la utosi. Katika giza lile kila tundu la msumari huwaka kama nyota. Humo hutafuta alama za maji juu ya papi, huzifuata zikipanda kenchi hadi kenchi, na mara nyingi humfikisha mbali kabisa na ndoo. Maji yaliingilia juu, yakatambaa kwenye mbao, yakachagua pa kushukia.

Ninausifu ufundi huu kuliko ule wa kuezeka. Anayeezeka hupigiwa picha bati likingali linang'aa. Anayeziba huitwa watu wakiwa wameshanuna.

Adui wake wa kwanza ni joto. Bati la mita 6 likipata moto wa Dar na kupoa usiku hurefuka na kufupika kwa karibu milimita 3. Hayo hutokea kila siku, mwaka baada ya mwaka, mpaka msumari unalegea na raba yake inapasuka. Ndiyo maana kwenye bati la migongo midogo msumari hupigwa juu ya mgongo, kamwe si bondeni maji yanamopita. Ndiyo maana pia fundi huuliza upepo kabla ya kupanga bati: huanzia upande ule upepo unakoelekea, ili mdomo wa kila bati uupe mgongo upepo wa kusi wakati wa masika. Kisha kuna geji. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba; geji 32 karibu na chumvi ya Kunduchi au Kigamboni ni uchumi wa muda mfupi.

Siku hizi kazi kubwa iko kwenye nyumba za kisasa zilizopandishiwa ukuta ili kulificha bati. Zinapendeza, sikatai, ila pale bati linapokutana na ukuta ndipo shida ilipo. Uingereza kiungo hicho hufunikwa kwa risasi, madini laini yanayokubali kukunjwa na kudumu vizazi. Sisi tunaokinga maji ya mvua kwa matumizi ya nyumbani tusiyatamani, maana risasi ni sumu. Fundi wetu hukata mfereji mwembamba ukutani, hupenyeza ukingo wa bati lililokunjwa, kisha hukandika saruji. Mwenye haraka hupaka lami juu juu akaondoka na hela yake. Jua linaipasua, na masika mengine anaitwa mwenzake.

Na gata? Dar hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Paa la mita za mraba 100 basi hupokea lita 110,000, matanki 110 ya lita elfu moja moja. Mzigo wote huo unaweza kuzuiwa na majani ya mwembe na mfupa ulioachwa na kunguru.

Akishaziba hujaribu kwa ndoo, akianzia chini ya paa na kupanda polepole, msaidizi akiwa darini kupiga kelele akiona unyevu. Angeanzia juu, kila kitu kingelowa na asijue maji yalipoingilia. Jaribio hili hula nusu siku, na wateja wengi hawataki kulilipia. Februari atalifanya hata kwa bei ya mapatano, kwa kuwa kazi ni chache. Aprili simu yake haipokelewi, na hata ikipokelewa, hakuna anayepanda juu ya bati lililolowa.