Ndoa Kwanza, Mapenzi Baadaye

Riwaya ya mapenzi ya Kikristo haikufichi mwisho wake. Jalada lishakwambia: binti mwenye kofia ya kitambaa, shamba la ngano nyuma yake, na kwa mbali mwanamume anakuja. Watakorofishana, wataomba, watapatana. Wanaoidharau huuliza, basi kuna haja gani ya kuisoma? Mimi naona haja inaanzia hapo hapo. Kitabu cha upelelezi hakimdai msomaji ufundi mwingi. Udadisi utamburura mpaka ukurasa wa mwisho. Lakini kukisoma kitabu ambacho mwisho wake unaujua, na bado roho ikakuruka katikati ya safari, hiyo ni kazi ya msomaji mwenyewe. Harusini kwetu, watu huinuka na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji wa taarabu kwa ubeti walioujua tangu utotoni. Hawakwenda kusikia jipya.

Hapa Mombasa vitabu hivi huvipata zaidi kwenye mitumba, vimetandazwa juu ya turubai pamoja na vitabu vya shule vya mtaala uliokwisha kuachwa. Mwuzaji hukutajia bei kwa kutazama unene. Msomaji mzoefu hatazami unene. Vile vyembamba vya Love Inspired, mfululizo ulioanzishwa na kampuni ya Harlequin mwaka 1997, huisha kwa jioni mbili na hupendeza kwa jioni hizo mbili. Grace Livingston Hill, aliyefariki 1947, ana wema uliopigwa pasi mno kwa ladha yangu. Ukimwona Janette Oke wa Kanada, nunua bila kubishana bei.

Riwaya yake ya 1979, Love Comes Softly, inaanza na kifo. Marty, msichana mjamzito, yuko njiani na mumewe kuelekea magharibi ya Marekani, na mume anafariki. Siku ile ile ya maziko, mgane mmoja, Clark Davis, anamposa. Hamtongozi. Ana mtoto mdogo anayehitaji mama. Naye Marty hana paa la kulalia na baridi inakuja. Clark anamwahidi kwamba msafara wa magari ya kukokotwa ukipita majira ya kuchipua, akitaka kurudi kwao, atamlipia nauli. Wanaoana wakiwa hawajuani, kila mmoja analala kwake, na kitabu kizima kilichobaki ni mambo ya chapati zilizoungua, nguo za kufuliwa, na mwanamume anayetoka nje kila asubuhi kwenda kuomba peke yake.

Nadhani msomaji wa mjini wa siku hizi, aliyezoea kwamba watu hupendana ndipo wakaoana, inabidi ajilazimishe kidogo aiamini hadithi hii. Msomaji wa Mji wa Kale hajilazimishi. Kibokoni na Ndia Kuu wamejaa mabibi walioposwa na wazee wa pande mbili, wakafungiwa ndoa, na mapenzi yakaja baadaye, au yakachelewa, au hayakuja. Wao wanajua thamani ya kimya cha mwezi wa tatu, pale mume anaposema asante kwa mara ya kwanza. Oke ameandika habari za mbugani Marekani, lakini wanaomwelewa upesi wako huku pwani.

Wala mpango huo si mgeni kwa Biblia yenyewe. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 24, mtumishi wa Ibrahimu anakwenda kumposea Isaka mke asiyemjua. Kuna kisima, ngamia, bangili za dhahabu, kaka wa binti anayezitazama sana hizo bangili. Rebeka anapomwona Isaka kwa mbali anashuka kwenye ngamia na kujifunika shela. Isaka anamwoa, na ndipo anampenda. Mpangilio ni huo. Nami hufurahi kukumbuka kwamba Mwanzo ndicho kitabu alichoanza nacho mmishonari Johann Ludwig Krapf alipofasiri Biblia kwa Kiswahili hapa Mombasa mwaka 1844, mwaka ule ule aliomzika mkewe Rosine ng'ambo ya bara. Aliyemsaidia kazi hiyo alikuwa kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohidini. Sijui kama kuna mji mwingine ambako mmishonari mfiwa na kadhi waliketi pamoja juu ya kitabu chenye kisa hicho.

Kipimo changu cha riwaya nzuri ni sala. Katika kitabu dhaifu, binti anapiga magoti ukurasa wa 80 na bwana anabisha hodi ukurasa wa 81. Mungu amefanywa mshenga, tena mshenga asiyelipwa. Katika Redeeming Love ya Francine Rivers, iliyotoka 1991, mambo hayaendi hivyo. Rivers amekichukua kisa cha nabii Hosea na mkewe mzinzi akakipeleka California ya wakati wa mbio za dhahabu. Michael anaamini ameambiwa na Mungu amwoe Angel, kahaba. Anamwoa, naye anamtoroka. Anarudishwa, anatoroka tena. Kitabu kina kurasa nyingi kuliko inavyofaa, na Michael ni mwema kupita kiasi cha binadamu. Lakini sala zake zinakaa bila jibu muda mrefu, na msomaji analazimika kukaa nazo. Hapo ndipo mtu huruka kurasa. Usiruke.

Ufundi wa mwisho ni kuhadithia. Vitabu hivi karibu vyote ni vya Kiingereza, kwa hiyo anayesoma mmoja huwa anawasomea wengi. Mimi huwahadithia majirani, wengi wao Waislamu, alasiri wakichagua mchele. Theluji naigeuza masika yaliyokata njia. Mahubiri nayafupisha, sala siziondoi, na hakuna aliyewahi kunitaka niziondoe. Nilipofika pale Clark anapomposa Marty, mama mmoja mtu mzima akasimamisha ungo. "Na mahari je, mwanangu?" Nikamjibu kwamba aliahidi nauli ya kurudi kwao. "Nauli si mahari," akasema, "nauli ni talaka iliyolipwa mapema." Bintiye akamkatiza: mume anayekuachia mlango wazi amekupa zaidi ya mahari. Wakabishana hivyo mpaka mchele ukasahauliwa, kila mmoja akimtetea au kumshitaki mkulima wa Marekani ambaye hajapata kuwako, nami nikanyimwa nafasi ya kuendelea na sura ya pili.