Sikio la Mshairi na Silabi Nyepesi

Alfajiri katika Mji Mkongwe, kabla vyombo vya moto havijaanza, ufagio wa chelewa husikika uani. Baadaye huja mbuzi ya nazi, kisha mchi ndani ya kinu. Na jioni muuza kahawa hugonganisha vikombe vyake, watu wakamjua kabla hawajamwona. Sauti hizi hazipigi kelele, na kwa hivyo ni rahisi kuishi nazo miaka mingi bila ya kuzisikia.

Nimeanza nazo kwa sababu ushairi wetu unazihitaji. Mashairi mengi ya bahari tunayoyasoma siku hizi yana mawimbi yanayonguruma na upepo unaovuma. Hayana kamba inayosuguana na mlingoti. Mtungaji ameyachukua mawimbi hayo katika mashairi ya wenzake, si ufukweni.

Watetezi wa arudhi hulijibu tatizo hili kwa kuhesabu mizani, nane kwa nane. Wapinzani wao hulijibu kwa kuivunja hesabu hiyo. Naona pande zote mbili zimeisahau hoja ya K. Amri Abedi katika *Sheria za Kutunga Mashairi* (1954), kwamba shairi ni wimbo. Kina hutungwa kwa sikio kabla ya kuonekana kwa jicho.

Tuchukue maneno mawili: bahari na kaburi. Mkazo wa Kiswahili, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho: *ha* katika bahari, *bu* katika kaburi. Hizo hazifanani. Kinachofanana ni *ri*, silabi inayotamkwa kwa wepesi baada ya mkazo kupita. Humo ndimo wazee wetu walimoweka kina. Msikilizaji wa shairi, basi, amefunzwa kulisikia lisilokazwa. Ni sikio lile lile linalousikia ufagio.

Haji Gora Haji (1933–2021), mzaliwa wa Tumbatu aliyewahi kuwa mvuvi na baharia, aliiita diwani yake *Kimbunga* (1994). Hata katika shairi la dhoruba, kina huegemea silabi nyepesi: kishindo kimo katika maana, mpango umo katika kilicho kimya. Msomaji anayekaza kila kina jukwaani, ili tujue kuwa kipo, hulipotosha neno na hutunyima kazi ya kusikiliza.

Huenda nikaambiwa kwamba vipaza sauti na pikipiki vimekwisha kuzifunika sauti hizo, na kwamba mshairi atunge kwa zilizopo. Sawa, pikipiki nayo ina haki ya kuingia katika shairi. Lakini aliyeisikia hasa atajua inavyobadilika ikipakia watu wawili, na inavyokohoa ikizimwa. Asiyeisikia ataandika kwamba inanguruma, neno lile lile alilolipa wimbi.

Kwa hiyo simwambii mtungaji kijana aiache arudhi, wala aishike kwa heshima tu. Namwomba, kabla ya kuhesabu mizani, alisome shairi lake kwa sauti ya kawaida, bila ya kukaza mwisho. Akikisikia kina, kipo. Asipokisikia, alichonacho ni herufi.