Njia Pana, Kamba Fupi: Jinsi Keukenhof Ilivyoweza Kuwapokea Mbwa

Kila mwaka, kuanzia katikati ya Machi hadi karibu katikati ya Mei, bustani ya Keukenhof katika mji mdogo wa Lisse, Uholanzi, hufunguliwa kwa takriban wiki 8 tu. Katika hekta zake 32 huchanua tulipu, narsisi na hayasinti kutoka kwenye matunguu yapatayo milioni 7, yaliyopandwa kwa mkono tangu Oktoba iliyotangulia. Miaka ya karibuni watu wanaokaribia milioni 1.4 wamekuwa wakipita milangoni mwake kwa msimu mmoja, yaani zaidi ya 20,000 kwa siku. Katikati ya msongamano huo, mbwa wanaruhusiwa kuingia, sharti wafungwe kamba fupi. Mtu anayejua mbwa anavyopenda kufukua udongo uliotifuliwa atashangaa. Wengi hudhani siri ni malezi: kwamba mbwa wa huko wamefundishwa adabu na wenye nao ni waangalifu. Maelezo hayo hayatoshi. Mbwa akiona tuta laini lenye harufu ya mbolea hakumbuki mafunzo, na mwenye mbwa akiona tulipu huinua simu apige picha. Kilichofanya kazi Keukenhof ni mpangilio wa ardhi, na ruhusa ya mbwa imezaliwa na mpangilio huo.

Tuanze na njia zenyewe. Mwaka 1857 Jan David Zocher na mwanawe Louis Paul Zocher, ambao pia walichora Vondelpark ya Amsterdam, walisanifu upya viwanja vya kasri la Keukenhof kwa mtindo wa Kiingereza: miti mikubwa, madimbwi, nyasi, na njia zinazopinda badala ya kunyooka. Wakulima na wauzaji wa matunguu walipoamua mwaka 1949 kuanzisha maonyesho ya wazi hapo, walikuta mchoro huo na kuujaza maua, wakafungulia umma mwaka 1950. Leo njia zinafikia kilomita 15. Mgeni hutembea juu ya njia ngumu, pana, na sehemu kubwa ya maua hukaa kwenye matuta yaliyochongwa ndani ya nyasi. Kati ya mguu wa mtembezi na ua mara nyingi kuna ukanda wa nyasi. Kamba ya mita moja ikishikwa na mtu aliye njiani, pua ya mbwa huishia kwenye nyasi hizo. Hesabu ni nyepesi, lakini haikubali popote njia inapopita katikati ya mistari ya maua.

Ndiyo maana shamba la RoozenGaarde katika bonde la Skagit, jimbo la Washington nchini Marekani, ambako kila Aprili hufanyika tamasha la tulipu, haliruhusu wanyama wa kufugwa, na nadhani ni sawa kabisa. Kwenye shamba la biashara mgeni husogelea mistari ya zao lenyewe, mara nyingi juu ya tope. Ua linalomvutia mgeni si lengo la mkulima. Baada ya kuchanua hulikata kichwa ili nguvu ya mmea irudi chini kwenye tunguu, kwa kuwa tunguu ndilo bidhaa. Mbwa akifukua matunguu matatu ameharibu mali, na udongo unaonata miguuni mwa mbwa na hata mwa watu unaweza kuhamisha minyoo midogo inayoozesha mashina na matunguu kutoka shamba moja hadi jingine. Keukenhof hung'oa matunguu baada ya kila msimu na kupanda mapya, kwa hiyo shimo la mbwa mmoja ni kovu la wiki chache. Tofauti ya kanuni inatokana na ardhi na matumizi yake. Haina uhusiano na nani anapenda mbwa zaidi.

Pingamizi zito la kwanza ni sumu. Ni kweli kwamba mimea hii mitatu inamdhuru mbwa. Tulipu ina tulipalini inayochoma kinywa na tumbo, narsisi ina likorini inayotapisha vibaya na, ikiliwa kwa wingi, huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hayasinti ina fuwele kali za oksaleti. Lakini swali la kiufundi ni sumu iko wapi na lini. Sehemu yake kubwa imo kwenye tunguu, na majani na petali zina kiasi kidogo zaidi. Wakati wa tamasha tunguu limefukiwa sentimita 10 hadi 15 chini, tena chini ya mmea wenye mizizi iliyokwisha kushika. Mbwa aliyefungwa hana muda wa kulifikia. Hatari halisi huja miezi kadhaa baadaye, nyumbani, mfuko wa matunguu unapoachwa wazi gereji kabla ya kupandwa, au unga wa mifupa unapochanganywa udongoni na kumfanya mbwa aamini kuna chakula kimefichwa. Anayemwonea mbwa wake huruma bustanini na kumwacha peke yake na mfuko huo, ameogopa mahali pasipo pake.

Pingamizi la pili linahusu watu, nami nalipa uzito mkubwa kuliko la sumu. Kwa madhehebu ya Shafi, yaliyoenea pwani ya Afrika Mashariki, mate ya mbwa ni najisi, na palipoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Isitoshe, aliyekulia mahali ambapo kichaa cha mbwa bado kinaua hawezi kuambiwa tu kwamba mbwa huyu ni mpole. Uholanzi haina kichaa cha mbwa, na anayevuka mpaka na mbwa wake ndani ya Umoja wa Ulaya lazima amwekee chipu, amchanje akiwa na angalau wiki 12, kisha asubiri siku 21. Hayo yanajibu hofu ya ugonjwa. Hayamjibu mgeni kutoka Unguja au Mombasa asiyetaka kanzu yake iguswe. Kinachomjibu ni nafasi: njia pana inamwezesha kukwepa.

Wapo wanaosema basi pigeni marufuku, mambo yaishe. Hayaishi, kwa sababu mbwa aliyezuiwa mlangoni mara nyingi hurudishwa kwenye gari. Jua likiwaka, hata nje kukiwa na nyuzi 22 tu, ndani ya gari lililofungwa joto huweza kupita 40 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa ya moto haimsaidii. Marufuku isiyo na kivuli, maji na mtu wa kukagua maegesho imehamisha tatizo mahali pasipoonekana.

Hata hivyo njia pana hukoma kuwa pana inapojaa. Wikiendi za Aprili, mabasi ya watalii yakishamwaga abiria, ule umbali unaomlinda mgeni, maua na mbwa mwenyewe hutoweka, na mbwa mdogo hubaki kukwepa viatu. Kanuni ya kamba haikuundwa kwa saa hizo. Bustani hufunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 1:30 jioni. Ningependa katika siku za kilele mbwa waingie kabla ya saa 4 asubuhi, wawe wametoka adhuhuri, au waje baada ya saa 10 jioni. Wenye mbwa watalalamika kwamba wamebaguliwa, ila saa hizo ndizo zenye baridi na utulivu zaidi, na mbwa hajali kama mwanga unafaa kwa picha. Tiketi za Keukenhof tayari huuzwa kwa muda maalumu wa kuingia, kwa hiyo kazi iliyobaki ni kuweka kisanduku kimoja cha mbwa kwenye ukurasa wa kununulia na kukifunga kwa saa za katikati ya siku.