Kabla ya Nyundo

Fundi wa mabomba asiyejua kazi utamtambua kwa nyundo. Anaitwa kwa sababu shawa haitoi maji, anatazama ukuta, anagonga kigae hapa na pale, na kabla chai ya mwenye nyumba haijachemka bafu limejaa vifusi. Mara nyingi bomba analolifukua ni zima. Mimi nataka kumsifu mwenzake, yule anayemaliza kazi na kuuacha ukuta jinsi alivyoukuta.

Salgaa ni mahali pazuri pa kumtafuta. Mji huu wa kando ya barabara kuu, kati ya Nakuru na Mau Summit, unaishi kwa uchovu wa madereva wa malori. Matrela ya kutoka Mombasa kwenda Malaba na Kampala huegeshwa hapa, wenyewe wakala, wakalala, na alfajiri wakataka kuoga kabla ya kuwasha injini. Baridi ya huku juu ya Bonde la Ufa haina mzaha saa kumi na moja asubuhi, na dereva aliyelipia chumba chenye shawa ya maji moto hakubali kuletewa beseni. Shawa ikikauka, chumba hicho hakina kazi.

Maji yenyewe yanatoka kila upande: visima virefu, mapaa ya mabati, mikokoteni ya punda mambo yakiharibika. Ya visima yana sifa yake. Sehemu nyingi za Nakuru fluoridi hupita miligramu 1.5 kwa lita, kikomo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na ndiyo sababu Jimbo Katoliki la Nakuru liliingia katika kazi ya kuyachuja kwa mkaa wa mifupa. Lakini fluoridi si ugomvi wa fundi wetu. Inapita bombani bila kusimama, ikaonekane kwenye meno ya watoto. Kinachomwita yeye ni mchanga, vumbi la mabati na utelezi wa chini ya tangi.

Akifika, haingii bafuni moja kwa moja. “Mama, vyumba vingine maji yanatoka?” Yanatoka. “Na sinki ya humu ndani?” Inatoa kidogo. “Tangi liliisha lini mara ya mwisho?” Hapo mama mwenye nyumba hukunja uso, kwa sababu amemwita mtu wa shawa, na tangi liko kule nje. Hajui kwamba kila jibu lake limeshaondoa mita kadhaa za bomba kwenye mashaka. Sinki ikitoa maji ya kutosha, tangi na bomba kuu hayana hatia, na kosa limebaki katika urefu wa mkono mmoja. Sinki ikitoa kidogo, inabidi kurudi nyuma.

Nyuma kuna getivalvu, na hiyo ni mwongo stadi. Ndani yake kuna kibamba cha shaba kinachopanda na kushuka kwa kuzungushwa gurudumu. Kutu ikikila kwenye shingo, kibamba hukatika na kubaki chini kikiziba njia, huku gurudumu likizunguka vizuri tu mkononi, na mtu akaapa kwamba amefungua. Bolivalvu haina hila hiyo kwa kawaida: mkono wake ukilala sambamba na bomba, iko wazi. Nikijenga leo ningeweka bolivalvu kila mahali, na ningemkatalia muuza hadiwea anayesifu kitu kwa uzito wake.

Kama tangi liliwahi kukauka, fundi anaanza kuwaza juu ya hewa. Hapa hewa inaheshimiwa. Breki za trela zinaendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, na mteremko wa kutoka Sachangwan umewafundisha watu wa Salgaa kwa msiba kinachotokea breki zikikataa. Hewa hiyo hiyo inayoliokoa lori hulinyonga bomba. Paipu iliyopandishwa juu ya mlango kisha ikashushwa upande wa pili hufanya nundu, hewa ikanaswa kileleni, na maji ya tangi yakakosa nguvu ya kuisukuma. Dawa yake ni mpira wa kumwagilia: fundi anauunga kutoka kwenye bomba lenye nguvu hadi kwenye njia iliyoziba, anasukuma maji kinyumenyume, na tangi linakoroma kule juu hewa ikitoka.

Udhaifu huo wa maji unastahili hesabu kidogo. Kimo cha mita 10 za maji hutoa shinikizo la karibu bari 1. Tangi likikalia jukwaa la mita 3 na kichwa cha shawa kikiwa mita 2 kutoka sakafuni, tangi likikaribia kuisha tofauti inayobaki ni mita 1, yaani sehemu moja ya kumi ya bari. Kwa nguvu hiyo chembe ya mchanga ni mlima.

Sasa ndipo anaingia bafuni. Ikiwa ni shawa ya umeme, anazima kwenye swichi kuu kwanza. Asiyefanya hivyo simsifu, hata awe hodari vipi. Anafungua kichwa cha shawa. Maji yakimwagika, kazi imekwisha: kichwa kinalowekwa kwenye siki, matundu yanapitishwa sindano, na kile kichujio kidogo cha mlangoni kinasuguliwa kwa mswaki mzee. Yasipomwagika, imebaki koki.

Na koki iliyozama ukutani ndiyo inayowatia watu wengi tamaa ya nyundo. Kumbe aliyeiunda alijua itafunguliwa siku moja, akaweka kila kitu mbele. Unafunga maji, unatoa mkono, unatoa kifuniko, unaingiza spana ndefu ya bomba, na moyo wote wa koki unatoka kama ulivyoingia. Ndani utakuta kimpira, washa. Kazi yake ni kukaa juu ya tundu na kuinuka koki inapofunguliwa. Kikizeeka huvimba, hunata pale kilipokaa, huachana na msumari wake. Koki inafunguka, msumari unapanda, kimpira kinabaki chini. Maji ya mji yenye nguvu yangekirusha juu. Maji ya tangi la Salgaa yanasimama nyuma yake yakisubiri.

Fundi anakichokoa kwa bisibisi, anaweka kipya, anazungusha tepi nyeupe kwenye nyuzi, anarudisha kila kitu. Kisha inakuja sehemu ya kazi ambayo mtihani wa daraja wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, hauwezi kumwandaa mtu kwayo.

“Mia tano? Kwa kampira haka?”

Mama ana hoja, kwa jinsi tulivyozoea. Tunalipa kwa jasho tuliloliona na uchafu uliobaki. Fundi aliyebomoa mita mbili za ukuta hulipwa bila ubishi, halafu analipwa tena kuziba.

“Mama, nikibomoa ni elfu nane. Na vigae ununue wewe.”

Mama anampa mia nne, na namba ya simu ya fundi anaiandika ukutani, kando ya swichi kuu.